Konokono wa Jumatano: mwongozo kamili wa kwenda Sankt Peders Bageri, Copenhagen

Sankt Peders Bageri iko Sankt Peders Stræde namba 29, katika mtaa wa zamani wa chuo kikuu katikati ya Copenhagen, na huhesabu umri wake tangu mwaka 1652. Hutajwa kuwa bekari kongwe kuliko zote jijini. Watu hupanga foleni hapo kwa ajili ya wienerbrød, vile vitafunwa vya matabaka ya siagi ambavyo nje ya Denmark huitwa kwa jina la nchi hiyo. Jumatano ndiyo siku yenyewe, kwa kuwa huokwa onsdagssnegl, yaani konokono wa Jumatano: mkate wa mdalasini uliozungushwa kama gamba la konokono, mkubwa kuliko ule wa kawaida, na juu umepakwa sukari nyeupe iliyoganda.

Kabla ya kupanga safari, shika jambo moja. Wienerbrød ni chakula cha saa, si cha siku. Ikitoka tanurini na kupoa kidogo, ganda lake hupasuka kwa sauti chini ya jino na ndani ni laini na ina unyevu. Ikifika jioni, unyevu wa ndani umehamia kwenye ganda, na unachokula ni mkate mtamu wenye mafuta. Siku, saa, njia, mfuko wa kubebea na hata mahali pa kukaa, vyote vichague kwa kuangalia hilo.

Unachokwenda kula

Bekari ni ya 1652, lakini wienerbrød ilikuja karibu miaka mia mbili baadaye. Mwaka 1850 wafanyakazi wa bekari za Denmark waligoma. Wenye bekari wakaajiri waokaji kutoka nje, wakiwemo Waaustria, ambao walikuwa na mtindo wao wa kukunja siagi ndani ya unga. Mgomo ulipokwisha, Wadenishi waliurekebisha mtindo huo wakaufanya wao, ila jina likabaki: wienerbrød maana yake ni mkate wa Vienna. Huko Vienna nako vitafunwa vya aina hii hupewa jina la Copenhagen. Kila upande unamtaja mwenzake.

Umri huo wa 1652 usiuchukue pia kuwa umri wa kuta. Moto mkubwa wa 1728 uliteketeza eneo hili, likiwemo kanisa la Sankt Petri lililoupa mtaa jina lake, na mwaka 1807 mizinga ya Waingereza ikabomoa tena sehemu za mtaa wa chuo.

Anayejua kusukuma chapati za matabaka ataielewa kazi hii mara moja. Chapati hupakwa mafuta, ikazungushwa, ikasukumwa tena, na mafuta yakatenganisha matabaka. Wienerbrød hufuata wazo hilohilo, ila mafuta ni siagi ngumu ya baridi na donge limetiwa hamira. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, kipimo cha kawaida cha nyumbani ni mayai 2, mililita 200 hivi za maziwa baridi, gramu 50 za hamira mbichi, sukari kidogo, chumvi, na siagi ya kukunjia gramu 300 hadi 350. Wapo wanaotia iliki kwenye donge. Siagi hufunikwa ndani ya donge, likasukumwa kuwa mstatili, likakunjwa mara tatu kama barua, likapumzishwa kwenye friji, kisha kazi ikarudiwa hadi mikunjo mitatu itimie. Tatu mara tatu mara tatu ni matabaka 27 ya siagi.

Kinachoharibika hapo ndicho utakachokiona baadaye kwenye kabati la vioo. Siagi ikilainika wakati wa kusukuma, hunyonywa na unga, matabaka hupotea na umbo hutoka zito kama skonzi. Ikiwa baridi mno, huvunjika vipandevipande na kutoboa unga, na mafuta humwagika kwenye trei. Donge likiachwa liumuke mahali penye joto la nyuzi 30 na zaidi, siagi huyeyuka kabla ya kuingia tanurini. Ndiyo maana waokaji hufanya kazi hii usiku na alfajiri, chumba kikiwa cha baridi, kisha wakaoka kwa moto mkali wa nyuzi 200 hivi: maji yaliyo ndani ya siagi hugeuka mvuke ghafla na kuinua matabaka.

Siku na saa

Kwa onsdagssnegl, nenda Jumatano. Kwa vingine vyote, Jumanne au Alhamisi asubuhi ni tulivu zaidi. Jumamosi na Jumapili Wadenishi wana desturi ya kununua mikate midogo ya asubuhi, rundstykker, kwa ajili ya nyumba nzima, kwa hiyo mtu mmoja mbele yako anaweza kuagiza vitu kumi na tano. Mkiwa watu wanane kwenye foleni siku hiyo, hesabu kama mko ishirini.

Saa nzuri ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Trei zinaendelea kutoka jikoni, waendao kazini wamepungua, na watalii wengi hawajafika. Baada ya saa tisa alasiri aina hupungua, na zilizobaki zimekaa.

Chunga namna saa zinavyoandikwa. Kibao cha mlangoni hutumia saa za Kizungu, bila kusema asubuhi wala jioni: ukiona 7–17, maana yake ni saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Aliyezoea kuhesabu kwa Kiswahili akasoma haraka anaweza kuidhania 7 kuwa saa saba mchana, akafika wakati bekari imekwisha kuwa wazi kwa muda wa saa sita nzima. Siku hufupishwa man, tir, ons, tor, fre, lør, søn, kuanzia Jumatatu. Åbent ni wazi, lukket ni wamefunga. Bekari nyingi Denmark hufungua hata Jumapili, lakini kwenye sikukuu kama Pasaka na Krismasi saa hubadilika, kwa hiyo tazama tangazo la bekari yenyewe siku moja kabla.

Kuna majira mawili ya kulenga ukiweza. La kwanza ni fastelavn, Jumapili ya wiki saba kabla ya Pasaka. Wiki kadhaa kabla yake bekari zote huuza fastelavnsboller, mikate ya mviringo iliyojazwa kastadi, jemu au krimu na kupakwa sukari juu. La pili ni jioni ya kuamkia Ijumaa ya nne baada ya Pasaka, inapoliwa mikate ya iliki iitwayo hveder, ikiwa imebanikwa na kupakwa siagi. Sikukuu yenyewe, Store Bededag, si siku ya mapumziko tena tangu 2024, lakini hveder zimebaki.

Kufika

Kutoka uwanja wa ndege panda metro ya M2 hadi Nørreport, takriban robo saa. Kutoka stesheni kuu, København H, panda treni ya mjini ya S-tog vituo viwili hadi hapohapo Nørreport, au tembea dakika ishirini hivi. Ukitoka Nørreport shika barabara ya Nørregade kuelekea katikati ya mji. Baada ya dakika nne hivi utaliona kanisa la Sankt Petri, la waumini wanaozungumza Kijerumani, upande wako wa kulia. Kata kulia kwenye kona yake. Hiyo ndiyo Sankt Peders Stræde. Namba 29 ni dakika tatu mbele.

Njiani, jihadhari na njia ya baiskeli. Imeinuliwa kidogo kati ya barabara na njia ya miguu, na ni rahisi kuidhania sehemu ya kutembea. Usisimame juu yake kutazama simu, wala usiivuke bila kugeuka kuangalia. Waendesha baiskeli wa Copenhagen huenda kasi na hawatarajii mtu hapo. Mtaa wa bekari nao ni mwembamba, hivyo foleni ikitoka nje, simama umekaribia ukuta na uache mlango wa jirani wazi.

Ukitafuta bekari yoyote nyingine nchini, tazama juu ya milango. Alama ya waokaji wa Denmark ni kringle ya dhahabu, umbo la fundo lenye matundu, na taji juu yake.

Kusoma kabati la vioo

Usiagize ukiwa bado mlangoni. Foleni inakupa dakika kadhaa za kutazama, zitumie.

Kanelsnegl ni konokono wa kawaida wa mdalasini. Ndani yake kuna remonce, rojo ya siagi na sukari kwa kiasi kinacholingana, iliyochanganywa na mdalasini. Iangalie pembeni: mizunguko inapaswa kuonekana imetengana, na sehemu ya chini iwe na rangi ya karameli pale remonce ilipochuruzika ikaungua kidogo. Ikiwa nyeupe chini, haijaiva. Onsdagssnegl ni hiyo kwa ukubwa wa sahani. Moja inatosha watu wawili, na sehemu bora ni kitovu, ambako remonce hukusanyika na ganda halifiki. Mkigawana, igawanyeni kwa kuifungua kutoka nje kuelekea ndani kama kamba, msikate katikati.

Spandauer ni ya duara au mraba, kona zimekunjwa kuelekea katikati na hapo pamewekwa kastadi au jemu. Wadenishi huiita pia bagerens dårlige øje, jicho bovu la mwokaji, na ukiitazama utaona kwa nini. Hii ndiyo inayomfichua mwokaji haraka kuliko nyingine. Kastadi inatakiwa iwe na ngozi nyembamba iliyokauka juu na bado iwe laini ndani. Unga ulio chini yake ndio huchelewa kuiva, kwa hiyo ukiuma katikati ukakuta utando mbichi wa kunata, tanuri ilikuwa ya moto mno au kastadi ilizidi.

Tebirkes ni ya mstatili na juu imefunikwa mbegu za popi, vipunje vidogo vyenye rangi ya kijivu na weusi. Haina sukari juu. Utamu wote umefichwa ndani, kwenye remonce, ambayo mara nyingi huwa na lozi. Asiyependa vitu vitamu sana aanze na hii. Dada yake ni frøsnapper, fimbo iliyosokotwa na kupakwa ufuta na popi, na kwa ladha yetu sisi tuliozoea mkate wa ufuta ndiyo inayozoeleka upesi kuliko zote. Hanekam ni upanga wa jogoo, yenye michano upande mmoja. Direktørsnegl ni konokono wa mdalasini aliyepakwa chokoleti.

Halafu kuna vitu ambavyo si wienerbrød ingawa vimekaa kabati moja: hindbærsnitte, vipande viwili vya biskuti vilivyobana jemu ya rasiberi, romkugle, tufe la kakao lililotengenezwa kwa masalio ya keki, na træstamme, gogo lililovikwa marzipani, yaani donge tamu la lozi na sukari. Viache kwa siku nyingine. Hivyo vinakaa siku mbili tatu bila kuharibika, kwa hiyo havina haja ya kuwahiwa asubuhi.

Kabla ya kufika mbele, fanya kipimo cha mwisho kwa macho na pua. Sukari iliyopakwa juu iwe nyeupe, kavu, na mpaka wake uonekane. Ikiwa ya kung'aa na imeingia ndani ya unga kama maji, ilipakwa wakati mkate bado wa moto, au mkate umelala. Harufu iwe ya siagi. Majarini huacha utando mwembamba juu ya kaakaa la mdomo dakika moja baada ya kumeza, siagi haiachi.

Kuagiza

Bekari nyingi za Denmark zina kimashine cha namba karibu na mlango. Ukikiona, chukua karatasi kwanza, kisha ndiyo utazame vitu. Usipoichukua, utasimama hapo na waliokuja baada yako watahudumiwa kabla yako. Pasipo na mashine, kaa kwenye foleni na umkumbuke aliyekutangulia.

Salamu ni fupi. "Hej," na unaingia kwenye agizo. Hakuna habari za nyumbani wala za watoto, na muuzaji hajakasirika. Ndivyo heshima ya pale ilivyo, kutomchelewesha aliye nyuma yako. Karibu kila muuzaji mjini anaelewa Kiingereza, lakini majina ya vitafunwa yatamke kwa Kidenishi, maana tafsiri huchanganya. Kwa masikio ya Kiswahili, kanelsnegl husikika kama "kaneelsnail", tebirkes kama "tebiakes", spandauer kama "spandawa". Sema idadi, jina, kisha "tak", yaani asante: "En kanelsnegl og to tebirkes, tak." Moja ni en, mbili ni to, tatu ni tre, nne ni fire. Ataweza kukuuliza kama unataka kitu kingine, "Var der andet?" Jibu "Nej tak", yaani hapana asante, ukiwa umemaliza. Akikukabidhi mfuko atasema "værsgo", yaani karibu, na wewe unarudisha "tak". Katika mazungumzo ya kila siku hawana neno moja la kusema tafadhali, tak ndiyo inayobeba kazi hiyo.

Kwa watu wawili, agizo zuri la mara ya kwanza ni onsdagssnegl moja, spandauer moja ya kastadi na tebirkes moja. Tatu kwa wawili huonekana chache, lakini siagi ni nyingi na tumbo hujaa ghafla. Bei za katikati ya jiji kwa kitafunwa kimoja kwa kawaida ni makumi kadhaa ya krona, na euro moja ni kama krona 7.46, kwa sababu krona imefungwa kwenye euro. Lipa kwa kadi. MobilePay, malipo ya kwa simu, utaiona kila mahali, lakini inamtaka mtu awe na akaunti ya benki ya huko, hivyo mgeni asiitegemee.

Anayekula halali aulize mambo matatu. Mafuta: "Er der svinefedt i?" yaani kuna mafuta ya nguruwe? Wienerbrød kwa kawaida ni siagi au majarini ya mimea, lakini kuuliza hakugharimu. Pombe: "Er der alkohol i?" Hapa shida ni romkugle na træstamme, ambazo huwa na ramu au ladha yake. La tatu ni jelatini, husblas, ambayo Denmark mara nyingi hutoka kwa nguruwe. Iko kwenye keki za krimu zinazotetemeka, haiko kwenye konokono wala tebirkes. Mwenye mzio wa lozi ajue kwamba marzipani na remonce nyingi zina lozi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamlazimu muuzaji kutoa taarifa ya vitu 14 vinavyoleta mzio, kwa hiyo uliza kwa uwazi na usubiri jibu kutoka jikoni kama muuzaji anasita.

Kula na kubeba

Nafasi ya kukaa ndani ya bekari za zamani ni ndogo. Panga kwamba utakula nje. Ørstedsparken, bustani iliyojengwa juu ya ngome za zamani za mji, ni dakika chache tu kwa miguu, ina mabenchi na maji. Upe upepo mgongo, shikilia mfuko, na usiweke mkate juu ya benchi: shakwe wa Copenhagen ni wezi hodari.

Subiri dakika kumi kama mkate bado unachoma mkono. Ukiuma mapema, remonce ni kimiminika cha moto kinachounguza ulimi, na matabaka hujigandisha pamoja kwa sababu mvuke haujatoka. Kinywaji kisiwe na sukari: kahawa nyeusi au chai ya rangi. Chai ya maziwa yenye sukari huua ladha ya siagi.

Acha mfuko wa karatasi wazi juu. Mfuko wa plastiki, au karatasi iliyokunjwa na kubanwa, hufungia mvuke na ganda hulainika ndani ya nusu saa. Ukibeba nyingi omba boksi, vilivyopakwa sukari vikae tabaka moja. Kwa safari ya ndege ya kurudi Nairobi au Dar es Salaam, chukua tebirkes na frøsnapper. Spandauer ya kastadi haifai kukaa saa nyingi bila ubaridi.

Masalio usiyatie kwenye friji. Ubaridi wa friji hukausha mkate upesi kuliko meza, kwa kuwa wanga hujikaza haraka zaidi kwenye joto hilo. Ama yaache mezani yafunikwe kwa kitambaa hadi kesho asubuhi, ama yagandishe kabisa kwenye friza siku hiyohiyo. Kupasha ni kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika nne au tano. Asiye na oveni atumie kikaango kikavu chenye mfuniko, moto mdogo kabisa, dakika nne, kisha aondoe mfuniko dakika moja ili mvuke utoke. Mikrowevu hulainisha kwa dakika mbili kisha mkate ukawa kama mpira.

Ukifika Jumatano ukakuta onsdagssnegl zimekwisha, muulize muuzaji kama trei nyingine inakuja: "Kommer der flere?" Ikija baada ya dakika ishirini, subiri, kwa sababu utapata ya moto. Jibu likiwa nej, chukua tebirkes na uende nayo bustanini.